Maziwa ya Mkebe Hutengenezwa Mara Mbili

Somo la kikundi: chakula cha mtoto wa chini ya miezi 6

Somo hili latosha mikutano miwili. Kiongozi alisome mwenyewe kwanza, kisha awaeleze wengine kwa maneno yake. Akina baba nao waitwe, maana mara nyingi wao ndio hutuma pesa za mkebe. Wazee wa kike wasikose, kwa sababu wao ndio huachiwa watoto.

Vitu vya kuleta: glasi tatu za kuonekana ndani, maziwa ya unga ya kawaida ya chai, kijiko kimoja, maji ya kunywa, maziwa ya ng'ombe kikombe kimoja, na limau moja.

KWA NINI TUNASOMA SOMO HILI

Karibu kila kikundi kijijini kina mabinti, wakaza wana na wajukuu Nairobi. Wengine wanaishi Kawangware, Kangemi, Riruta, Waithaka ama Uthiru. Asubuhi wanashuka mjini kuuza bidhaa na kufagia ofisi, au wanaingia Lavington na Kileleshwa kufanya kazi za nyumba. Mama akijifungua anakaa na mtoto wiki chache, kisha kodi ya nyumba inamkumbusha kwamba lazima arudi kazini. Hapo maswali yanaanza. Mtoto aachiwe nini? Maziwa ya mkebe? Ya ng'ombe? Uji mwepesi? Na mara nyingi mtoto mwenyewe analetwa kijijini kwa shosho, mkebe mmoja ukiwa ndani ya mfuko, na shosho hajawahi kuutumia hata siku moja.

Utafiti uliotolewa mwaka 2011 kuhusu mitaa ya Korogocho na Viwandani, upande wa mashariki wa Nairobi, ulionyesha kwamba ni watoto 2 hivi tu kati ya 100 walionyonya maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6 kamili. Si ati mama wa mjini hawapendi watoto wao. Ni kazi, ni njaa, na ni mashauri yasiyo sahihi.

Kuna neno moja ambalo tunataka kila mwanachama aende nalo nyumbani. Maziwa ya mkebe hutengenezwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kiwandani, na huko kuna wataalamu, mizani na sheria. Mara ya pili ni jikoni, na huko kuna sufuria, mtungi wa maji, kijiko na mtu mmoja aliyechoka. Kile mtoto anachokunywa ni kazi ya pande zote mbili. Jikoni pakiharibika, uzuri wa kiwanda haumsaidii mtoto.

NDANI YA MAZIWA MNA NINI

Maziwa yote yana maji, mafuta, sukari ya maziwa, protini, chumvi na madini. Tofauti iko katika vipimo. Hebu tuangalie mililita 100, yaani karibu nusu ya kikombe kidogo cha chai.

Maziwa ya mama: protini karibu gramu 1, sukari ya maziwa karibu gramu 7, mafuta karibu gramu 4.

Maziwa ya ng'ombe: protini zaidi ya gramu 3, sukari ya maziwa chini ya gramu 5, mafuta karibu sawa na ya mama.

Maziwa ya mkebe ya mtoto mchanga yakichanganywa sawasawa: protini kama gramu moja na nusu au pungufu kidogo, sukari karibu gramu 7, mafuta karibu gramu 3 na nusu.

Mtu akisikia hivyo atasema, "Basi ya ng'ombe ndiyo bora, yana protini nyingi!" Ndama huongeza uzito upesi sana na kusimama siku ile ile anapozaliwa. Mtoto wa binadamu hukua polepole. Huchukua karibu miezi 5 kufikisha uzito mara mbili ya ule aliozaliwa nao. Mwili wake hauhitaji protini ya ndama. Protini ikizidi, pamoja na chumvi ambayo katika maziwa ya ng'ombe ni kama mara tatu ya ile ya mama, figo zake changa zinalazimika kufanya kazi ya kuzitoa, na kazi hiyo hutumia maji ya mwili. Siku ya joto, au siku ya kuhara, mtoto huyo hukauka haraka.

Jambo lingine ni madini ya chuma, ambayo husaidia kutengeneza damu. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, lakini tumbo la mtoto huchukua karibu nusu yake. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo vile vile, na tumbo huchukua sehemu ndogo tu. Tena kwa watoto wachanga maziwa haya yanaweza kusababisha utumbo kuvuja damu kidogo kidogo bila mtu kuona. Ndiyo maana mtoto aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe tangu mapema anaweza kuonekana mnene na huku amepungukiwa na damu. Maziwa ya mbuzi nayo yana upungufu mkubwa wa folati, ambayo pia huhitajika katika kutengeneza damu.

Kazi ya kiwanda, basi, ni kuchukua maziwa ya ng'ombe na kuyafanya yakaribie ya mama: kupunguza protini na chumvi, kuongeza sukari ya maziwa, kuweka mafuta ya mimea, chuma na vitamini. Yanakaribia, lakini hayafiki. Maziwa ya mama yana kinga za kupigana na maradhi, nazo hubadilika kulingana na maradhi yaliyo karibu na mama. Hakuna mkebe unaoweza kufanya hivyo.

TUMBO LINAFANYA NINI

Jaribio la kwanza. Mimina maziwa ya ng'ombe yenye joto kidogo katika kikombe, kamulia limau, koroga, ngoja dakika chache. Maziwa yataganda mabonge. Tumboni pia kuna asidi, na maziwa hugandishwa huko kabla ya kusagwa. Ya ng'ombe hufanya mabonge makubwa na magumu, kwa sababu sehemu kubwa ya protini yake, karibu sehemu 8 kati ya 10, ni ile inayoganda. Maziwa ya mama yana zaidi ile protini nyepesi inayobaki na maji, kwa hivyo mgando wake ni laini kama maziwa mala yaliyopigwa vizuri, na hupita upesi. Katika mikebe mingi kiwanda huongeza hiyo protini nyepesi ili kumrahisishia mtoto.

Hii inatuelezea mambo tunayoyaona kila siku. Mtoto wa kunyonya hupata njaa mapema, choo chake ni laini, cha manjano, na pengine anaenda mara nyingi kwa siku. Hiyo si kuhara. Mtoto wa mkebe hukaa kidogo zaidi kabla ya kuomba tena, choo chake ni kizito na kina harufu kali. Hiyo nayo peke yake si ugonjwa. Lakini choo kikiwa kigumu kama mbegu na mtoto anajikaza akilia, uliza kwanza: je, unga ulizidi katika kikombe?

Maziwa ya mama yana pia sukari za namna nyingine ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Mbona basi ziko? Hizo ni chakula cha bakteria wazuri wanaoishi utumboni. Wakishiba wao, wale wabaya wanakosa nafasi. Viwanda vingine siku hizi vinaongeza sukari zinazofanana na hizo. Hapa Kenya, huko Msambweni katika Kaunti ya Kwale, watafiti waliwapa uji wenye madini ya chuma watoto waliopita miezi 6. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba chuma kile kiliongeza bakteria wabaya utumboni. Mwaka 2017 wakatoa matokeo mengine: chuma kikiwekwa pamoja na sukari ya namna ile ya kulisha bakteria wazuri, madhara yanapungua. Tunajifunza kwamba kila kitu kinachoongezwa katika chakula cha mtoto kina kazi yake na kinaweza kuwa na madhara yake, hata kama ni kitu kizuri kama chuma.

KIWANDA KIKIKOSEA

Tusidhani kwamba kiwandani hakuna makosa. Mwaka 1978 kampuni moja ya Marekani iliacha kuongeza chumvi katika maziwa yake mawili ya soya ya watoto. Chumvi ina kitu kinachoitwa kloridi. Bila kloridi ya kutosha, watoto walikosa hamu ya kula na wakaacha kukua. Mwaka 1979 madaktari waligundua sababu, na mwaka 1980 Marekani ikapitisha sheria inayotaja kila kirutubisho ambacho lazima kiwe katika maziwa ya watoto. Kupungua kwa kitu kimoja kidogo kulisimamisha ukuaji wa watoto.

Na kuzidi je? Watafiti katika nchi tano za Ulaya waliwagawia watoto maziwa ya mkebe ya aina mbili, yenye protini nyingi na yenye protini kidogo. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Wa protini nyingi walikuwa wazito zaidi walipofika miaka 2, lakini si warefu zaidi. Wa protini kidogo walikua karibu sawa na wale walionyonya. Kwa hivyo tusipime afya kwa mashavu tu. Mtoto anapimwa kwa uzito na urefu, na mstari wake katika kitabu cha kliniki unapaswa kupanda taratibu bila kulala na bila kuruka.

JIKONI: HESABU YA MKEBE

Sasa tuje mahali ambapo sisi wenyewe tunahusika. Kiongozi aandike hesabu hii ukutani.

Mililita 100 za maziwa huhitaji karibu gramu 13 za unga. Mkebe wa gramu 400, kwa hivyo, hutoa karibu lita 3 za maziwa.

Mtoto wa miezi 3 mwenye kilo 6 huhitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mara 6, ni mililita 900, karibu lita moja.

Mkebe mmoja humtosha siku 3 na kidogo. Kwa mwezi ni mikebe 9 hivi.

Ulizeni bei ya mkebe katika duka la karibu, mzidishe kwa 9. Kisha mlinganishe na mshahara wa mwezi wa mama anayefua nguo za watu. Ongezeni makaa au gesi ya kuchemshia maji mara 6 au 7 kwa siku. Wengi mtakapoiona jumla hiyo mtanyamaza kidogo.

Pesa zikiisha, mama hafanyi ubaya kwa kupenda. Anafanya kile sote hufanya chai ikipungua na wageni wameongezeka: anaongeza maji. Badala ya vijiko vinne anaweka viwili, ili mkebe ufike wiki. Hebu tuone kinachotokea.

Jaribio la pili. Weka maji kiasi sawa katika glasi zote tatu. Ya kwanza tia vijiko 4 vya maziwa ya unga, ya pili 2, ya tatu 8. Koroga. Waite watu ambao hawakuona ukichanganya, waseme glasi ipi ni sawa. Wengi watashindwa. Hata ile ya vijiko 2 ni nyeupe, nayo inaitwa maziwa. Macho hayawezi kupima chakula cha mtoto.

Mtoto wetu wa kilo 6, akinywa mililita 900 zilizochanganywa sawasawa, anapata karibu kalori 600. Akipewa za nusu nguvu anapata 300. Tumbo limejaa, chupa imeisha, mtoto amenyamaza, kumbe ana njaa. Mwili wake unatumia kile kidogo kilichopo kwa kupumua na kujipasha joto, na cha kukulia hakibaki. Kwanza mstari wa kliniki unalala. Halafu anakuwa mnyonge, halii kwa nguvu, na watu wanasema, "Huyu ni mtoto mtulivu." Utulivu huo usitudanganye.

Ile glasi ya vijiko 8 nayo ina hatari yake. Mama au yaya anafikiri akizidisha unga mtoto atalala usiku. Protini na chumvi zinazidi, figo zinaelemewa, mtoto anakuwa na kiu na analia, anapewa tena maziwa mazito kwa kudhaniwa ana njaa. Choo kinakuwa kigumu na mwili unakauka.

Na uji katika chupa? Kabla ya miezi 6 tumbo halijawa tayari kusaga wanga mwingi wa unga wa mahindi au wimbi, na uji mwepesi una nguvu ndogo kuliko maziwa. Unachukua nafasi ya maziwa bila kufanya kazi yake.

WALIYOYAONA NAIROBI

Kati ya mwaka 1992 na 1998, kabla dawa za ARV kupatikana kwa watu wengi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani waliuliza swali gumu. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha. Je, akitumia mkebe itakuwaje? Akina mama 425 wa Nairobi walikubali kushiriki. Nusu walinyonyesha, na nusu walipewa maziwa ya mkebe. Daktari Ruth Nduati na Daktari Dorothy Mbori-Ngacha walikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000 na 2001.

Watoto walipofika miaka 2, karibu 37 kati ya 100 wa kunyonya walikuwa na virusi. Wa mkebe walikuwa karibu 21. Mkebe ulizuia maambukizo mengi. Lakini watoto waliokufa katika makundi mawili hawakutofautiana sana: karibu 24 kati ya 100 wa kunyonya, na 20 wa mkebe. Kuhara nako kulikaribiana. Na katika miezi 6 ya kwanza, hali ya lishe ya watoto wa kunyonya ilikuwa bora zaidi, ingawa mama wote walikuwa na virusi.

Zingatieni mazingira yao. Akina mama hao walikuwa na maji safi ya mfereji wa jiji. Walipewa mikebe, walifundishwa kuchanganya, na walifuatwa na wauguzi. Hata hivyo mkebe haukuwashinda wale wa kunyonya kwa kukua. Sasa fikirieni mtaa ambao mfereji hukauka siku tatu, maji yananunuliwa kwa mitungi, na hakuna muuguzi anayepita.

Tuna mfano wa nje. Serikali ya Botswana ilikuwa ikiwapa mikebe ya bure akina mama wenye virusi. Mapema mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, maji yalichafuka na ugonjwa wa kuhara ukaenea. Watoto wengi walikufa, na walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wakinyonya. Maziwa yalikuwa ya bure, na mkebe haukuwa na kasoro. Maji ndiyo yaliyowageuka.

Leo ushauri umebadilika kwa sababu dawa zipo. Mama mwenye virusi anayemeza ARV kila siku anashauriwa kunyonyesha, maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee pamoja na chakula mpaka angalau mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka 2 au zaidi. Mtoto naye hupewa dawa zake za kinga. Asiache dawa, na asiache kliniki. Mtu asimwambie mama kama huyo aache kunyonyesha kwa sababu ya mambo aliyoyasikia miaka ya tisini.

MAMA ANAYERUDI KAZINI

Maziwa ya mama yanaweza kubaki nyumbani mama akienda. Aoshe mikono, akamue kwa mkono katika kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa, afunike. Katika joto la kawaida la chumba yatakaa saa 4, na katika friji siku 4. Anayebaki na mtoto atumie kikombe kidogo safi badala ya chupa, kwa sababu kikombe huoshwa kirahisi, na chuchu ya chupa huficha uchafu. Yakiwa baridi, kikombe kiwekwe ndani ya maji ya moto, maziwa yasichemshwe. Mama anyonyeshe asubuhi kabla ya kutoka, jioni akirudi, na usiku. Huko kazini akamue pia, la sivyo maziwa yatapungua.

Sheria nazo ziko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi na mshahara wake kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na wampe mama nafasi ya kufanya hivyo. Na sheria ya mwaka 2012 kuhusu maziwa badala ya ya mama inakataza kutangaza mikebe ya watoto au kuwapa mama zawadi ili waitumie. Mtu akimletea mama mkebe wa bure hospitalini "ajaribu", hiyo si huruma. Mtoto akishazoea chupa, maziwa ya mama hupungua, na mkebe wa pili si wa bure.

IKIWA NI LAZIMA MKEBE

Kuna mtoto aliyefiwa na mama, kuna mama mgonjwa sana, na kuna sababu nyingine ambazo daktari anazijua. Hatumwaibishi mtu. Mtoto huyo apewe mkebe kwa utaratibu huu:

1. Nunua ulioandikwa kwamba ni wa tangu kuzaliwa. Angalia tarehe ya mwisho, na usinunue uliobonyea wala unga uliofunguliwa na kupimwa kwa vijiko dukani. Maziwa ya unga ya chai, maziwa matamu ya mkebe na maziwa ya soya ya kawaida si chakula cha mtoto mchanga.

2. Osha mikono kwa sabuni. Osha kikombe na kijiko, kisha vichemshe.

3. Chemsha maji mpaka yatokote. Yaache yapoe kidogo, lakini yasizidi nusu saa. Yanapaswa kuwa bado moto sana, nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe huweza kuwa na viini vya maradhi na joto hilo huviua.

4. Tangulia maji, fuatisha unga. Tumia kijiko kilicho ndani ya mkebe huo huo, kwa maana kila kampuni ina kijiko chake. Kiwe sawasawa, kilichosawazishwa kwa kisu safi, bila kilima na bila kukandamiza. Idadi ni ile iliyoandikwa, isiongezwe wala isipunguzwe.

5. Poza kwa kuweka kikombe katika maji baridi. Jaribu tone moja juu ya mkono wako kabla ya kumpa.

6. Tengeneza ya mara moja tu. Yaliyobaki kwa saa 2 yamwagwe, hata kama roho inauma.

7. Mtoto akicheua kidogo au kulia, usikimbilie kubadilisha mkebe kila wiki. Angalia kwanza kipimo na usafi. Mpeleke kliniki apimwe kila mwezi.

Zamani wengi walifundishwa kuchanganya maziwa ya ng'ombe, maji na sukari. Shirika la Afya Duniani halishauri tena jambo hilo kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa sababu mchanganyiko huo hauna chuma, vitamini na mafuta ya namna anayohitaji. Akifikisha miezi 6 mambo yanabadilika. Mtoto asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, pamoja na vyakula vyenye chuma kama maini, nyama, omena iliyosagwa, mayai na ndengu. Hapo familia inaweza kupumzika na gharama ya mkebe.

Akihara, usimnyime maziwa. Mpe maji ya ORS na tembe za zinki kutoka kliniki. Mkimbize hospitali mara moja akiwa na macho yaliyoingia ndani, amelegea, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, au ana damu katika choo.

IGIZO FUPI

Wanachama wawili waigize.

Shosho: Msichana wangu, huyu mtoto tangu uende Nairobi halali. Nimeona nimtilie uji kidogo kwa chupa.

Mkaza mwana: Asante kwa kumlea, mama. Mkebe niliouacha Jumatatu uko wapi?

Shosho: Uko pale, bado nusu. Mimi si mharibifu kama nyinyi wa mjini. Naweka kijiko kimoja tu.

Mkaza mwana: Mama, leo ni Jumapili. Ulipaswa kuwa umeisha tangu Alhamisi.

Shosho: Kwani nimekosea? Nilitaka kuwapunguzia gharama.

Mkaza mwana: Hukukosea, mama. Mimi sikukuonyesha. Hebu tuketi tupime pamoja, kisha tuangalie kitabu chake cha kliniki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika igizo, mtoto alikuwa akipata nini kwa siku? Nani alipaswa kumfundisha shosho?

2. Mikebe 9 kwa mwezi ni pesa ngapi hapa kwetu? Mama akila vizuri zaidi kwa sehemu tu ya pesa hizo, maharagwe, mboga, maziwa na mayai, nani atafaidika?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili mama aliyejifungua asilazimike kurudi kazini mapema? Je, mchango wetu wa kila mwezi unaweza kumkopesha kodi ya miezi miwili?

4. Ni watoto wangapi hapa wako chini ya miezi 6 na hawakai na mama zao? Chagueni wanachama wawili wawatembelee wiki hii, waombe kuona kijiko, maji na kitabu cha kliniki. Waende kama majirani, si kama askari. Kikao kijacho walete habari.